Kisu cha Mjomba

Ndugu msomaji, kwetu Kitangari Krismasi haikuanza kwa kengele ya kanisa. Ilianza tarehe 24 Desemba, kwenye saa nne hivi za asubuhi, kwa mluzi wa mjomba. Tulikuwa tunausikia toka mbali, anapopanda ile njia ya kutoka bondeni, na sisi watoto tunatoka mbio kwenda kumpokea. Tukimfikia tunaangalia kwanza kiunoni. Kisu kipo? Kipo. Basi sikukuu imefika.

Kisu chenyewe hakikuwa cha dukani. Bapa lake lilifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori bovu, na mpini wake ulikuwa wa mpingo, mweusi tii, umelainika kwa jasho la kiganja kimoja kwa miaka mingi. Mjomba alikuwa anakinoa mwenyewe kwenye jiwe nyuma ya jiko, taratibu, huku anatuuliza habari za shule. Kisha anamwomba mama maji, anamnywesha mbuzi, anamlaza kuelekea Kibla, anataja jina la Mungu, na kazi imekwisha. Aliyeshika miguu ya nyuma alikuwa baba yangu, mzee wa kanisa la Anglikana.

Naam, umesoma sawasawa. Mbuzi wetu wa Krismasi alikuwa anachinjwa na Mwislamu, tena si mchinjaji wa kukodi bali kaka yake mama, tumbo moja. Mama alibatizwa alipoolewa. Mjomba alibaki kwenye dini ya baba yao. Ninyi wenzangu wa mjini mnaweza kuona ni kitu cha ajabu. Kwetu ni jambo la kila nyumba ya pili. Na sababu ya mjomba kuchinja ilikuwa nyepesi: akichinja Mkristo, nusu ya ukoo hailii nyama, akichinja Mwislamu, wote tunakula. Desturi hii imeenea nchi nzima, na si kila mahali imekaa kwa amani. Mwezi Februari mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mvutano juu ya nani achinje uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa. Nakumbuka habari ile iliposomwa redioni mjomba alikuwa amekaa kibarazani kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio bila kumwomba mtu ruhusa, akasema: "Hao hawana dada."

Nilikuwa darasa la sita wakati huo, sikuelewa. Nilielewa baada ya yeye kufa, na ndiyo maana naandika.

Mjomba alifariki tarehe 19 Agosti 2018, Jumapili, siku tatu kabla ya Idd el-Hajj. Sitaeleza ugonjwa. Tulizika kesho yake, na Idd ikatukuta matangani, watu wamelala kwenye mikeka uani, mjane amekaa ndani. Mwaka ule hakuna aliyesema "Idd Mubarak" nyumbani kwake kwa sauti ya juu. Ilipita tu, kama gari linavyopita usiku.

Lakini Krismasi isingepita hivyo. Ilikuwa inakuja na swali.

Inabidi nieleze kidogo mambo ya kwetu. Sisi Wamakonde, kama majirani zetu Wayao na Wamakua, kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Baba anakuzaa, anakulisha, anakupenda, lakini ukoo wako ni wa mama na mwenye sauti juu yako ni mjomba. Yeye ndiye aliyekaa mbele kwenye mambo ya jando, posa na msiba. Na yeye akifa, anayesimama mahali pake kwa taratibu za zamani si mwanawe, ni mpwa, yaani mtoto wa dada yake. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume wa dada mkubwa ni mimi. Kwa maneno mengine kile kisu kilikuwa kinakuja kwangu, mimi Mkristo, niliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba ule ule, nisiyeruhusiwa kukitumia kwa kazi iliyokifanya kiwe kisu.

Juu ya hayo, fedha hakuna. Msimu ule wa korosho wote mnaukumbuka. Wakulima walikataa bei za mnadani, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi yakaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakaenda sambamba na uhakiki, na mpaka Desemba inafika katikati sisi tulikuwa bado tunangoja. Kwetu Krismasi na korosho ni ndugu: mavuno yanaanza kwenye Septemba au Oktoba, fedha inaingia Novemba, Desemba watoto wanavaa viatu. Mwaka ule ndugu mmoja hakutokea.

Jumapili ya kwanza ya Desemba tulikaa kikao uani. Baba alisema tumwite jirani Mwislamu aje achinje jogoo, mambo yaishe. Mama akasema hapana, mgeni hatachinja pale alipochinja kaka yake. Mama mdogo akasema basi tusifanye kitu, bado tuna msiba, mwaka huu twende kanisani turudi tulale. Watoto wadogo waliokuwa wanasikiliza nyuma ya mlango wakaanza kulia. Na binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, aliyekuwa amekuja toka Mtwara anakoendesha bodaboda, alikuwa na lake moja tu.

"Nimefuata kisu cha baba," alisema.

Pale ndipo palipochimbika.

Binamu hakuwa mkorofi. Hoja yake ilikuwa ya kueleweka: yeye ni Mwislamu, na kwa sheria ya dini yake mali ya marehemu inakwenda kwa wanawe na mjane wake, haiendi kwa mpwa. Tena ni yeye aliyekuwa akimtumia mzee fedha za dawa. Mimi nilikuwa kimya, lakini moyoni nilikuwa nakitaka kile kisu kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wajomba wengine wadogo wakasema mila ni mila. Binamu akawauliza mila ilikuwa wapi wakati wa kununua dawa. Mama akainuka akaingia ndani.

Bibi, mama yao mjomba na mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake muda wote hajasema neno. Tulidhani amelala. Akaanza kutuhadithia hadithi ambayo kila mtoto wa kwetu ameisikia, na mimi nilikaribia kukasirika: mtu unangoja hukumu, unapewa hadithi ya kitandani!

Hadithi yenyewe ni hii. Zamani alikuwepo mtu mmoja peke yake porini, hanyoi, haogi. Usiku mmoja akachonga mti mfano wa mtu, akausimamisha karibu na kibanda. Asubuhi akakuta umekuwa mwanamke hai. Wakashuka wakakaa mtoni Ruvuma, mwanamke akajifungua, mtoto mfu. Wakahama wakaenda upande wa Mbemkuru, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakahama tena, wakapanda huku juu, kwenye vichaka vya Mahuta. Wa tatu akaishi. Ndipo yule baba akawaagiza watoto wake wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko ndiko kunakokaa maradhi na kifo. Nyumba iwe mwendo wa saa moja kutoka penye maji.

"Mtoto alikufa," bibi alisema, "hawakukaa palepale. Walihama." Halafu akaomba apelekwe kulala.

Kikao kikavunjika bila uamuzi. Binamu akalala kwetu, mgongo kwa mgongo na mimi, hatusemeshani.

Miaka ile nilikuwa na ndoto (bado ninayo) ya kuandika riwaya, na mtu mwenye ndoto hiyo akikosa la kufanya husoma chochote. Kwenye majuma yale matatu kabla ya Krismasi mwalimu mmoja mstaafu aliniazima vitabu vyake vya historia ya kusini. Kumbe hadithi ya bibi imo kitabuni! Mjerumani mmoja, Karl Weule, alipita huku mwaka 1906, vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inazimika, akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti, akakaa Masasi na Newala akiandika kila alichoona. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Na hadithi ya yule mtu wa Mahuta imo, pamoja na watoto wake wawili wafu na ile saa moja kutoka majini. Kilichomshangaza Weule ndicho kinachomshangaza kila mgeni: kwa nini watu wakae juu ya uwanda usio na maji, wanawake washuke na kupanda mabonde kila siku na mitungi kichwani? Watu wa historia wanajibu kwamba vichaka vya huku juu vilikuwa kinga ya kukimbilia wakamata watumwa na wavamizi Wangoni. Sibishani nao. Lakini bibi aliyekuwa amezika mwanawe wa kwanza miezi mitatu kabla alikuwa na jibu lake, na majibu haya mawili hayagombani: wote wawili wanasema watu walipanda huku baada ya kufiwa. Maji yenyewe yaliletwa huku juu kwa pampu miaka ya 1950. Bibi alikuwa msichana. Anasema alipoona maji yanatoka kwenye bomba alimwonea huruma mama yake, aliyekufa kabla hajayaona.

Nikazidi kusoma. Nikitafuta nini hasa, sijui. Labda nilitaka kitabu kiniambie kisu ni changu.

Nikafika Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliookolewa kutoka utumwani, wakaanzisha kijiji chini ya milima ile ya mawe ya Masasi. Kila mtu akiandika habari hii anaandika habari za askofu. Mimi nilikuwa nawafikiria wale wengine. Hebu fikiri, msomaji: umekamatwa ukiwa mtoto, umeuzwa, umeokolewa baharini, na sasa umerudishwa bara, karibu na kwenu lakini si kwenu. Huna mama, huna mjomba, jirani yako anatoka kabila lingine. Krismasi ya kwanza ya namna hiyo mtu anaifanyaje? Kitabu hakisemi. Ninachojua ni kwamba mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji wakaua na kuteka, na baadhi ya walionusurika wakafuatana na Padri Chauncy Maples kupanda huku Newala. Mwaka 1905 Maji Maji ikafika, misheni ya Masasi ikachomwa. Wakajenga tena. Kwa hiyo ile Krismasi ambayo wazee wa kanisa letu wanasema "lazima iwe kama ilivyokuwa", siku zote imekuwa sikukuu ya watu waliobaki.

Uislamu nao, ambao watu wa bara hufikiri tulizaliwa nao kwa kuwa Lindi na Mikindani ziko karibu, vijijini kwetu ulienea hasa baada ya Maji Maji na vita ya kwanza ya dunia, watu walipokuwa wameona njaa na makaburi. Babu mzaa mama alikuwa katika kizazi kile kilichoona baba zao wakisilimu. Hakuna aliyewalazimisha kwa upanga. Walikuwa na wafu wengi, na walipata namna mpya ya kuwasomea.

Lakini aliyenifanya nifunge kitabu niende kutembea ni Askofu Vincent Lucas. Huyu alifika Masasi kama padri miaka michache baada ya Maji Maji, akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, mpaka 1944. Aliwakuta Wakristo wanakatazwa jando, na vijana wao wanakwenda kwa siri au wanaolewa na kuoa huku wakichekwa kwamba ni watoto. Lucas hakufuta jando. Alilichukua akalifanya la Kikristo: kambi ya porini ikabaki, mafunzo yakabaki, furaha ya kutoka ikabaki, ila mahali pa tambiko zikaingia sala na baraka za padri. Wenzake wengine wamisionari walimlaumu, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama aliokoa mila au aliikata kichwa akaacha kiwiliwili. Mimi si mtaalamu. Nilichokiona ni hiki: waliokuwa wanapangua na kupanga upya hawakuwa maaskofu peke yao. Baba zetu ndio waliokubali wanachokubali na kukataa wanachokataa. Waislamu nao wakafanya hivyo hivyo kwenye jando lao. Na wale midimu, wachezaji wenye vinyago vya usoni wanaotokea wali wanapotoka jando, sisi wadogo tuliambiwa ni wafu waliorudi kusherehekea. Angalia werevu wa wazee: siku ya furaha kubwa kuliko zote, marehemu wanaalikwa, wanacheza, wanatupwa sarafu, wanarudi walikotoka. Hakuna aliyesema tusicheze kwa sababu tumefiwa. Hakuna aliyesema tujifanye hatukufiwa.

Taifa nalo, ukilitazama, lina tabia hiyo hiyo. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na siku hiyo ni mapumziko. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na siku hizi Mwenge wa Uhuru unafika kilele chake siku hiyo hiyo, kwa gwaride na ngoma. Mtoto asiyejua angedhani ni siku aliyozaliwa.

Haya, turudi kwenye kisu, maana najua ndicho mnachongoja.

Jibu la ugomvi wetu sikulipata kwenye maaskofu, nililipata kwenye mikorosho. Zamani mali ya Mmakonde ilikuwa shamba la kuhamahama: unalima mtama na mihogo miaka michache, unaacha, vichaka vinarudi. Kitu kama hicho kikienda kwa mpwa hakuna anayeumia sana. Mkorosho ni mti mwingine. Ulipoenea huku katikati ya karne iliyopita, mtu akapanda na wanawe, wakapalilia na wanawe, na mti wenyewe unadumu kuliko aliyeupanda. Akija kufa, wale watoto waliopalilia wanamwona mtoto wa shangazi yao anakuja kuokota. Pale ndipo akina baba walipoanza kuwagawia watoto wao miti wakiwa bado hai, wengine kwa sheria ya Kiislamu, wengine kwa maneno tu mbele ya mashahidi. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kwenye mahame pamoja na makaburi. Mjomba alikuwa na mikorosho yake kwenye mahame ya babu, na kila tarehe 24 Desemba, kabla hajaja kwetu, alikuwa anapitia huko. Ndiyo sababu alikuwa anatokea bondeni. Sisi tulidhani anatoka nyumbani kwake! Alikuwa anatoka kuwasalimu wafu, na kisu kiunoni kilikuwa cha kufyekea nyasi za makaburini kabla hakijawa cha mbuzi.

Haya ya mwisho si ya kitabuni. Aliniambia binamu, ambaye alikuwa anafuatana naye alipokuwa mdogo. Nilimpigia simu usiku wa tarehe 15 au 16, nikamwambia niliyosoma juu ya mikorosho. Nikamwambia, kaka, naona wewe ndiye uliyepalilia. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani vocha imekwisha. Halafu akanisimulia habari ya makaburi.

Wakati huo huo mama alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi. Mume amekufa tarehe 19 Agosti. Mama, Mkristo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mkaza mjomba atatoka eda tarehe 25 Desemba.

Bibi alipoambiwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hameni," akasema. Basi. Ndiyo ilikuwa hukumu.

Siku ya Krismasi tulikwenda ibada ya asubuhi, na kutoka kanisani hatukurudi nyumbani. Tulishika njia ya kijijini kwa mjomba, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, baba na mfuko wa mchele begani, mama na sufuria kichwani, bibi kwenye bodaboda ya binamu akiwa ameshika kofia ngumu kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kichwa kisiruke. Kwa mara ya kwanza toka nizaliwe, jiko letu halikuwashwa siku ya Krismasi. Wanakwaya wenzake mama walituuliza tunakwenda wapi. Mama akajibu: "Wifi yangu anatoka ndani leo."

Tulimkuta mkaza mjomba ameshaogeshwa na wanawake wenzake, amevaa khanga mpya, amekaa kibarazani, uso umepungua. Alipomwona mama walikumbatiana, wakalia kile kilio cha chini kisicho na maneno, na hapo hapo mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilikuwa sijawahi kusikia kilio na kigelegele kwa pamoja. Watoto walibaki wanaduwaa, hawajui wafanye lipi.

Mbuzi hakuwepo. Walikuwepo majogoo wawili wa mkaza mjomba. Bibi akaniita na binamu, akasema mbele ya watu wote: kisu kitakaa kwa mpwa, mwana ndiye atakayechinja. Asiye na kisu atakuja kwa mwenye kisu, na asiye na mkono atamngoja mwenye mkono. Kama mmoja wenu atakataa, kikatupwe Ruvuma. Nikakitoa kwenye kitambaa nikampa binamu. Sijui kama umewahi kuona kisu cha mbuzi kwenye shingo ya jogoo, bwana. Ni kama kumwita fundi wa magogo aje achonge kijiti cha meno. Watu wakaanza kucheka. Binamu naye akacheka, halafu mkono ukaanza kumtetemeka, machozi yakawa yanamtoka anataja jina la Mungu huku sauti inakatika. Nilishika miguu. Damu ilinirukia kwenye shati la kanisani.

Tulikula wali, kuku, na ming'oko iliyochimbwa porini na vijana wa pale, maana kuku wawili kwa watu thelathini ni wa kunusa. (Samaki nchanga pia walikuwepo kwa wanaowala. Wasiojua samaki nchanga ni nini wamuulize Mmakonde yeyote, ila wasiulize wakati wa kula.)

Pakabaki jambo moja. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na mwanamke hagusi. Majogoo mawili, firigisi mbili. Ya kwanza alipewa baba. Ya pili ilibaki peke yake kwenye kisahani, na kila mtu akawa anaangalia pembeni. Ilikuwa ya mjomba. Binamu aliniangalia, nikamwangalia. Yeye ndiye aliyekichukua kile kisahani, akavuka ua kwenda upande wa wanawake, akakiweka mbele ya mama yake.

Mkaza mjomba alikiangalia muda mrefu. Wazee wawili watatu wakakohoa. Bibi akasema, "Kula, mwanangu, inapoa."

Akala. Akatafuna sana. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Kumbe hii ndiyo mliyokuwa mnatunyima miaka yote? Ngumu hivi!"

Sijawahi kusikia ua mzima unacheka namna ile. Baba alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

Tangu mwaka ule Krismasi yetu ni kwa mkaza mjomba. Fedha za korosho zilipokuja tukarudia mbuzi. Wapo wanaonung'unika: wapo wa kanisani wanaosema tumeipeleka sikukuu ya Bwana kwa Waislamu, na wapo wa upande wa pili wanaosema kinyume chake. Bibi amekufa mwaka 2022, na Desemba ile tuliongeza kitu kingine: asubuhi ya tarehe 24 mimi na binamu tunapitia mahame kwanza, tunafyeka, anasoma dua yake, nami nasema Baba Yetu kimoyomoyo, halafu tunapanda. Firigisi ya kwanza ya kila mwaka ni ya mkaza mjomba. Anasema bado ni ngumu. Anaila.

Mwaka jana binamu alichelewa kutoka Mtwara, ikabidi niende mahameni peke yangu na kurudi mapema. Mdogo wangu wa mwisho na wenzake walikwenda kumngojea njiani. Nilikuwa nyuma ya jiko la mkaza mjomba nikawasikia wanarudi mbio, wanahema, wanapiga kelele kwamba kaka amefika, lakini kiunoni hana kisu. Hana kabisa. Walikuwa na hofu ya kweli.

"Kipo huku," niliwaambia. "Njooni mnishikie jiwe, nakinoa."